Kila Mtu na Sanduku Lake



Nataka katika karatasi yetu ya mwezi huu niseme neno juu ya jambo ambalo wengi wenu mtaliona dogo, na baadhi yenu mtasema halituhusu sisi watu wa mikarafuu. Jambo lenyewe ni zile kompyuta mbili zilizomo ofisini mwetu, na namna barua pepe zinavyofunguliwa humo. Nawaomba msigeuze ukurasa kabla ya kufika mwisho, kwani jambo hili dogo ndilo lililotunyima miche masika iliyopita.

Wengi mmeuliza, na mna haki ya kuuliza: imekuwaje wenzetu wakapata miche nasi tukakosa? Wapo waliosema pana upendeleo. Wapo waliosema Katibu amekula. Hapana upendeleo, wala hapana aliyekula. Khabari yenyewe ni hii.

Kompyuta zetu mbili hutumiwa na watu watano: mimi, Mshika Fedha, karani wa daftari la wanachama, mtunza ghala, na Mwenyekiti siku anapokuja. Sote tulikuwa tukiingia kwa jina moja, "ofisi", na kwa neno la siri moja, lililoandikwa katika kipande cha karatasi kilichowekwa chini ya kioo cha meza. Ukisha kuingia, programu ya barua hufunguka yenyewe, na sanduku linalofunguka ni langu, kwa sababu mimi ndiye niliyeipanga programu hiyo mwanzo. Basi kila aliyekaa kitini alikuwa ndani ya barua zangu, apende asipende.

Barua ya kitalu ilifika siku ya Jumatatu. Ilisema kuwa miche tuliyoomba imekubaliwa, lakini tuthibitishe idadi kabla ya Ijumaa, ama sivyo watapewa wengine. Mmoja wetu, aliyekuwa akitafuta bei ya magunia, aliifungua barua ile, akaona haimhusu, akaiacha. Hakufanya kosa lolote. Lakini programu ya barua huonyesha barua isiyosomwa kwa maandishi mazito, na ikisha kufunguliwa mara moja tu, maandishi huwa membamba kama ya barua nyingine zote. Mimi nilikuwa shamba. Nilipofika ofisini Jumatano nikatazama, sikuona maandishi mazito, nikadhani hapana jipya. Ijumaa ikapita. Jumatatu ya pili nilipoandika kuuliza, miche ilikwisha kupakiwa katika gari ya wengine.

Nasema wazi kuwa lawama ni yangu kwanza, kwa kuwa mpango ule niliuanzisha mimi. Nayajua madhara yake. Mkarafuu huchukua kiasi cha miaka 6 hadi 8 kabla ya kuanza kuzaa, na mche uliokosa masika haya hungoja masika mengine. Kwa mtu aliyekwisha kung'oa mikarafuu yake mikongwe na kuchimba mashimo, mwaka mmoja si mchezo.

Halmashauri ilipokutana, rai zilikuwa tatu. Rai ya kwanza ilikuwa ya wazee: chumba kifungwe, na barua zifunguliwe na Katibu peke yake. Naiheshimu rai hiyo, lakini Katibu huugua, husafiri, na iko siku atatoka kazini. Barua si zake, ni za Chama. Rai ya pili ilikuwa ya vijana: kila mtu asome barua za Chama katika simu yake. Hapo barua za Chama zitakuwa katika mifuko ya watu, na siku simu itakapopotea, au mwenye simu atakapogombana nasi, Chama kitabaki mikono mitupu. Rai ya tatu ndiyo yangu: kompyuta zibaki za shirika kama zilivyo, lakini kila mtu aingie kwa jina lake mwenyewe, na programu ya barua imfungulie sanduku lake mwenyewe bila ya mtu kuipanga upya kila siku.

Nimeona niwaeleze namna jambo hili linavyokwenda, maana mtu hapigi kura juu ya kitu asichokijua. Programu ya barua, kama Outlook au Thunderbird, haiwezi kufanya kazi mpaka ijue mambo manne: jina la mtu, anwani yake, seva inayotunza barua zake, na njia ya kuthibitisha kuwa ndiye yeye. Mambo hayo yakiwekwa pamoja huitwa profaili. Profaili si barua zenyewe. Ni mfano wa alama inayotiwa juu ya gunia, kueleza gunia ni la nani na linakwenda wapi. Outlook ile ya zamani, ambayo ofisi nyingi zaitumia hata leo, huiweka profaili katika sehemu ya mtu aliyeingia, haiiweki katika sehemu ya mashine nzima. Ndiyo kusema watu watano wenye majina matano waweza kukalia kiti kimoja kwa zamu, na kila mmoja akaona barua zake tu. Walakini watu watano wakiingia kwa jina moja, kompyuta huwahesabu kuwa ni mtu mmoja. Hapo ndipo tulipokosea.

Zamani kazi ya kupanga profaili ilikuwa ya mkono. Fundi alikwenda kompyuta moja baada ya moja, akajaza majina na anwani, na akikosea herufi moja barua hazifiki. Kampuni ya Microsoft ilitoa, pamoja na seva yake ya Exchange 2007, njia iitwayo Autodiscover: programu hupewa anwani tu, nayo ikaenda kuuliza yenyewe sanduku liko wapi. Na katika ofisi kubwa zenye orodha kuu ya wafanyakazi, msimamizi aweza kuweka amri moja, iitwayo ZeroConfigExchange, ili mtu akiingia kwa mara ya kwanza katika kompyuta yoyote ya ofisi, Outlook iichukue anwani yake katika orodha ile na kumjengea profaili bila ya kumwuliza swali. Jambo hili lafaa khasa penye kazi za zamu, mathalan hospitali, ambapo wa usiku hukalia kiti cha wa mchana.

Sisi hatuna seva wala orodha kuu, wala hatuzihitaji. Thunderbird, ambayo hupatikana bila malipo, hufanya karibu na hayo tangu toleo lake la 3, la mwaka 2009. Waandika jina, anwani na neno la siri, nayo hutafuta seva yenyewe. Kazi hiyo hufanywa mara moja kwa kila mtu, na kuanzia siku ya pili sanduku humfungukia mwenyewe.

Msidhani kuwa nawaletea mambo ya kigeni yaliyozuka jana. Mwaka 1961, katika chuo cha MIT huko Marekani, Bwana Fernando Corbató na wenzake walionyesha mfumo ulioitwa CTSS, uliowawezesha watu wengi kutumia kompyuta moja kwa wakati mmoja, na kila mtu alipewa neno lake la siri. Mwaka 1965 ikatiwa humo amri iitwayo MAIL, watu wakaanza kuachiana barua, kila mmoja katika sanduku lake. Ndiyo kusema barua hizi zilianza katika kompyuta ya shirika kama yetu. Na hata mabingwa wale waliteleza: siku moja, kwa kosa la programu, kila aliyeingia alitokewa na orodha ya maneno ya siri ya watu wote, mahali pa salamu ya siku.

Kwa hivyo sisemi kuwa mashine itatuokoa. Programu inayofunguka yenyewe humtumikia yeyote aliyekaa kitini, wala haimtazami usoni. Ndiyo maana nataka mpango huu ukubaliwe pamoja na masharti manne.

Kwanza, jina "ofisi" lifutwe, na ile karatasi ya chini ya kioo ichomwe moto. Neno la siri la mtu asilijue mwingine, hata Katibu.

Pili, mtu akiinuka kitini, hata kama ni kwenda kunywa maji, aifunge kompyuta kwa kubonyeza pamoja kidude chenye alama ya Windows na herufi L. Hilo ni jambo la nukta moja. Asiyelifanya ameacha mlango wa ghala wazi msimu wa karafuu.

Tatu, barua za Chama zije kwa anwani ya Chama, zisije kwa anwani ya mtu. Sanduku hilo walione watu wawili, Katibu na naibu wake, kila mmoja akiwa ameingia kwa jina lake. Lakini hapa patazamwe vizuri, maana katika sanduku la watu wawili yale maandishi mazito yaweza kupotea kama yalivyopotea mwanzo. Basi kila barua inayokuja iandikwe katika daftari la karatasi: siku iliyofika, imetoka wapi, yataka nini, na nani ataijibu. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila khabari, na miche yetu ilipotea hivyo hivyo.

Nne, mtu akitoka kazini, jina lake litolewe katika kompyuta siku hiyo hiyo, baada ya barua za kazi kukabidhiwa. Tangu chuoni tumefundishwa kuwa amana hurudishwa kwa mwenyewe.

Juu ya gharama, hapana la kutisha. Windows yaruhusu watu wengi kuwa na majina yao katika mashine moja bila ya kulipia zaidi, na kazi ya kuwapanga watu watano yamalizika kwa alasiri moja.

Lililobaki ni neno aliloniambia mzee mmoja katika mkutano wa tawi: "Mwanangu, sisi twaaminiana. Kufuli za nini?" Nilimjibu kwa adabu, na jawabu lenyewe nalirudia hapa. Mzee wangu, katika kituo cha kuuzia karafuu pia twaaminiana, walakini kila mtu husimama mbele ya mizani, na hupewa risiti yenye jina lake. Hilo si kwa kuwa mpimaji ni mwizi. Ni ili jina la mpimaji na la muuzaji yasalimike yote mawili.

Yule mwenzetu aliyeifungua barua ya kitalu alisemwa vibaya mitaani wiki mbili nzima. Wapo waliosema ameificha barua makusudi kwa ajili ya jamaa zake. Hakuweza kujitetea, kwa kuwa kompyuta iliandika "ofisi", na "ofisi" ni sisi sote. Amenipa ruhusa kulieleza jambo hili, nami namtaka radhi mbele yenu. Mahali ambapo watu hutumia jina moja, mkosa hajulikani, na asiyekosa hana pa kuegemea.

Nawaomba basi kila tawi lizungumze jambo hili kabla ya Mkutano Mkuu, na wajumbe waje na neno la kusema, wakubali au wakatae. Daftari la barua nimekwisha kulianza. Liko juu ya meza ya ofisi, na mwanachama yeyote aweza kuja kulitazama saa za kazi. Masika yanakuja tena, na maombi ya miche yamekwisha kupelekwa. Jawabu litakapofika, mtalikuta limeandikwa humo, pamoja na jina la aliyelisoma.

Wasalaam.

Ndugu yenu,
Katibu wa Chama