Dereva Mlevi Naye Apewe Wakili

Ndugu wanachama, muhula uliopita nilisimama katika mjadala wa chama chetu nikasema kwamba dereva akishikwa amelewa ana haki ya kujitetea. Mlinizomea. Mmoja wenu akapaza sauti, "Muulizeni kwanza kaka yake mbona anatembelea magongo!" Nikakaa chini kabla ya kumaliza. Leo nitamalizia hapa, maana karatasi haizomei.

Ni kweli, kaka yangu aligongwa na Probox kwenye barabara ya kutoka Kisii kwenda Keroka, jioni ya siku ya soko. Wote waliofika pale walisema dereva alinuka chang'aa. Wengine walitaka kumchoma pamoja na gari lake. Polisi walimwokoa, akalala kituoni, asubuhi akaachiliwa. Hakupelekwa kwa daktari kupimwa. Baada ya majuma mawili wazee waliketi nyumbani kwetu, na jamaa zake wakaleta nusu ya pesa za hospitali na ahadi ya nusu ya pili. Hiyo ya pili hatujaiona hadi leo. Dereva yumo barabarani, tena hubeba hata watoto wa shule, wanne ndani ya buti.

Sasa niambieni, huyo aliponyoka kwa ujanja wa wakili gani? Wakili hakuwako. Hata korti haikuwako!

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kifungu cha 44, inamshtaki mtu anayeendesha gari, au hata anayejaribu tu kuliendesha, akiwa amelewa kiasi cha kushindwa kulimudu. Akipatikana na hatia kuna faini au jela, na leseni anaikosa kwa miezi 12. Akiua mtu kwa kuendesha kwa njia ya hatari, kifungu cha 46 kinaweza kumfunga hadi miaka 10. Lakini hebu rudieni yale maneno, "kiasi cha kushindwa kulimudu." Harufu peke yake haitoshi. Mnamo Januari 2017 Mahakama ya Rufani ilisema hata kile kifaa cha Alcoblow, ambacho madereva walianza kukipuliza Desemba 2013, hakitoshi kikiwa peke yake. Ni lazima ithibitishwe kwamba dereva hakuweza kulimudu gari.

Nasikia walevi walishangilia. Mimi naona hukumu ile iliwapa polisi kazi: waandike gari liliyumba vipi, mwenyewe alitembea na kuongea vipi, na wampeleke kwa daktari usiku uo huo. Wakili wa dereva angeuliza kortini, "Ripoti ya daktari iko wapi?" Swali hilo hilo ndilo ninalouliza mimi, mdogo wake aliyegongwa.

Tena si kila anayeshtakiwa ana makosa. Jirani yetu wa bodaboda alisomewa mashtaka akajibu, "Ni kweli." Ati alidhani anaulizwa kama pikipiki ni yake! Mzee wa watu anajua Ekegusii tu. Katiba ya 2010, ibara ya 49, inataka mtu aambiwe kwa lugha anayoielewa kwa nini amekamatwa. Ibara ya 50 inasema ahesabiwe hana hatia mpaka ithibitishwe, na apewe mkalimani bila malipo akihitaji. Yeye hakujua kwamba angeweza kuomba mkalimani. Faini alilipa kwa kuuza ng'ombe.

Kwa hiyo mimi bado nasimama palepale. Yule wa Probox apelekwe kortini, aje na wakili wake, hata wawili, nasi tuje na mashahidi wetu.

Jana usiku nilimsomea kaka makala haya. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza kama kesi bado inaweza kufunguliwa. Mama hataki, anaogopa wazee watasema tumevunja mapatano. Jumatatu, baada ya masomo, mimi na kaka tutakwenda kituoni kuuliza.