Tununue Nyumba, Tusinunue Dhuluma



Wenye mitaji mikubwa hununua nyumba za kupangisha Dar es Salaam, Dodoma na Mwanza. Mpanda huiona mbali. Fikra hiyo ina historia. Reli kutoka Kaliua ililetwa kwetu karibu na mwaka 1950 kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi. Mgodi ulipofungwa, waliofuata faida waliondoka. Mkoa wa Katavi uliundwa mwaka 2012, watumishi wakaja wakitafuta vyumba, na barabara ya lami kutoka Tabora imefika; hata hivyo sifa ya kuwa huku ni porini haijafutika.

Kwa sababu hiyo mwalimu au mkulima wa tumbaku aweza, kwa akiba ya miaka mingi, kununua hapa nyumba yake ya kwanza ya kupangisha. Jambo hilo ni jema. Papa Leo XIII, katika waraka wake Rerum Novarum wa mwaka 1891, alifundisha kuwa mali inayonunuliwa kwa akiba ya mfanyakazi ni ujira wake katika sura nyingine. Lakini waraka huohuo waonya kuwa mapatano ambayo mnyonge ameyakubali kwa kusukumwa na shida yaweza kuwa dhuluma.

Basi mnunuzi Mkristo yampasa kuuliza: bei hii ni ndogo kwa nini? Ikiwa ni kwa sababu mji uko mbali, anunue kwa amani. Ikiwa ni kwa sababu mjane anafukuzwa na shemeji zake, hilo ni shamba la Nabothi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mwanandoa kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Kwa hiyo mke aulizwe mwenyewe, tena faraghani. Majirani na mwenyekiti wa mtaa waulizwe. Na kumbukumbu za kiwanja zikaguliwe ofisi ya ardhi kabla ya kutoa hata shilingi moja.

Baada ya kununua, haki haijaisha. Sheria ya mwaka 1984 iliyodhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo mpangaji anategemea mkataba wake na dhamiri ya mwenye nyumba. Kumdai kodi ya miezi sita kwa mkupuo mtu anayelipwa kwa mwezi ni kumsukuma kwenye mikopo ya riba. Kodi ipokewe kwa vipindi anavyovimudu, stakabadhi itolewe, na notisi ya kuhama iwe ya maandishi.

Twaziomba Jumuiya Ndogo Ndogo zilijadili jambo hili, na Halmashauri za Walei ziwasaidie waamini kuandika mikataba. Wengi wetu tulipata kuwa wapangaji. Tuwatendee wapangaji wetu kama tulivyotamani kutendewa.