Amani ya Posho: Somo la Delta ya Niger

Ulimwengu ulipoanza kulisikia jina la MEND mwaka 2006, wengi waliliona kundi hilo la vijana wenye silaha wa Delta ya Niger, nchini Nigeria, kuwa genge la wahalifu tu. Walilipua mabomba ya mafuta na kuwateka wafanyakazi wa makampuni ya kigeni. Uhalifu ulikuwapo, sikatai. Hata hivyo, mafuta yaligunduliwa Oloibiri mwaka 1956, nusu karne kabla ya kundi hilo kuvuma. Waogoni walipodai haki zao bila silaha, kiongozi wao, mwandishi Ken Saro-Wiwa, alinyongwa pamoja na wenzake wanane, Novemba 10, 1995. Kijana aliyekua akilishuhudia hilo alijifunza nini kuhusu njia ya amani?

Mwaka 2009, Rais Umaru Yar'Adua alitangaza msamaha. Silaha zikasalimishwa, wapiganaji wakaandikishwa, wakapangiwa posho ya naira 65,000 kwa mwezi, na baadhi wakapelekwa vyuoni. Siubezi msamaha huo. Nyumba inapoungua, huanza kuzimwa moto kabla ya kuuliza nani kauwasha, na mashambulizi yalipungua kweli.

Kosa ni kudhani kwamba kuzima moto ndiko kujenga nyumba. Posho ilimfikia aliyeshika bunduki. Mvuvi ambaye nyavu zake zilitoka majini zimelowa mafuta hakuandikishwa popote, wala kijana aliyekataa kuingia msituni. Bila kukusudia, serikali iliwafundisha vijana kwamba asiye na silaha hana wa kumsikiliza.

Mwaka 2011, Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilieleza kwamba kuisafisha Ogoni kungeweza kuchukua miaka 25 hadi 30. Katika eneo moja, watu walikuwa wakinywa maji ya visima yenye kemikali ya benzini zaidi ya mara 900 ya kiwango cha Shirika la Afya Duniani. Posho haisafishi kisima. Mwaka 2016 likaibuka kundi jipya, Niger Delta Avengers, na mabomba yakalipuliwa tena. Bunduki zilikuwa zimesalimishwa, sababu zilibaki.

Sheria ya Petroli ya mwaka 2021 inayataka makampuni kutenga asilimia 3 ya gharama zao za uendeshaji za mwaka kwa ajili ya jamii zinazozunguka visima. Hiyo ni hatua. Lakini sheria hiyohiyo inaikata jamii gharama za ukarabati mitambo inapohujumiwa, hivyo mwanakijiji asiye na hatia hulipia kosa la mwenye baruti.

Sisi Watanzania, tulioziona ghasia za Mtwara za mwaka 2013 kuhusu bomba la gesi, hatuna sababu ya kulisoma somo hili kama habari za mbali. Mtumishi wa umma anayepokea leo barua ya malalamiko ya wanakijiji ameshika amani mkononi. Aijibu ingali barua.