MKULIMA WA KIRUA ASIBEBE UKAME PEKE YAKE

Ndugu wanachama, yako maneno yanayopita mijini, na hata katika ofisi nyingine zilizojengwa kwa kodi yetu, kwamba mkulima hakopesheki. Ati mvua haina mdhamini. Sisi wa Kirua Vunjo twayakataa maneno hayo.

Mkulima huyo anayedharauliwa ndiye aliyeunda chama chake cha kahawa mwaka 1925, huku masetla wakitaka Mwafrika akatazwe kabisa kuilima. Mwaka 1933 kikazaliwa K.N.C.U. Watu hao leo wafundishwe uaminifu na nani?

Tabu yetu haitokani na uvivu. Wataalamu walioichunguza kahawa ya Arabika ya nyanda zetu walitangaza mwaka 2015 kwamba joto la usiku likipanda nyuzi 1, hekta moja hupoteza kilo 137 kwa mwaka. Vuli ya 2022 ikawa haba. Ya 2023 ikaja na El Niño, maji yakapita kiasi. Moshi wa viwanda vya Ulaya na Marekani ndio ulioanza kuichafua hewa hii, lakini deni analetewa mama mwenye migomba na mibuni mia mbili!

Na msimu ukiharibika, nani humkimbilia mama huyo? Mlanguzi. Humpa fedha kidogo leo, achukue kahawa yote kesho ikiwa bado mtini. Kagera unyonyaji huo wanauita butura. Jina liwe lolote, kupe ni kupe.

Mwezi Julai 2021 Benki Kuu ilitangaza shilingi trilioni 1 za kuyakopesha mabenki kwa riba ya asilimia 3, nayo yamkopeshe mkulima kwa riba isiyozidi asilimia 10. Uamuzi mwema. Twauliza tu: ni ngapi kati ya hizo zilizopanda mlima? Maana ukifika dirishani unaulizwa hati ya nyumba, au uweke kihamba. Kihamba! Humo mna makaburi ya babu zetu. Mkopo unaotaka kihamba kiwe dhamana ni mtego, na mwanachama yeyote anayewashawishi wenzake kuutia saini ajue anafanya kazi ya nani.

Dhamana ya haki ni bima ya mazao. Serikali iliiondolea kodi ya ongezeko la thamani, na mwaka 2023 makampuni ya bima yakaunda umoja wao wa bima ya kilimo. Lakini tusishangilie kabla ya kusoma mkataba. Bima nyingi za namna hii hazimtumi mtu kuja shambani; hutazama kipimo cha mvua au picha za setilaiti, na mvua ikipungua chini ya kiwango ndipo fidia hulipwa. Sasa kipimo kiko wapi? Moshi mjini hupata karibu milimita 900 kwa mwaka, na miteremko ya juu huweza kupata mara mbili yake. Mtu mmoja ana kahawa juu na mahindi tambarare. Kipimo kikiwekwa mahali pamoja, mahindi yatakauka huku karatasi ikisema mvua ilinyesha, na mkulima atakuwa amelipa ada bure.

Kwa hiyo bima inunuliwe na chama cha msingi kwa niaba ya wanachama wote, si mtu mmoja mmoja mbele ya wakala mwenye tai. Ada ikatwe kahawa inapouzwa, kwani mwezi wa Machi hakuna mwenye senti. Vipimo vya mvua viwekwe juu, kati na chini. Mkataba uandikwe kwa Kiswahili.

Wako watakaosema ushirika una wezi. Ni kweli, umewahi kuwa nao. Mwaka 1976 vyama vikuu vilivunjwa kwa amri, na viliporudi vikaugua tena kwa mikono ya watu wa ndani. Basi hesabu za fedha za bima zisomwe hadharani kila msimu, na mkaguzi awepo.

Mkutano mkuu wa chama chako ukiitishwa, nenda. Kabla ya jambo lingine lolote, simama uulize kipimo chetu cha mvua kiko wapi, na nani anakisoma.