Kliniki ya Mtoto Si ya Mama Peke Yake

Pita penye zahanati yoyote ya huku kwetu pwani siku ya kupima watoto. Utawaona akina mama wamejaa mabenchi, kila mmoja na mwanawe na buku lake la kliniki. Baba hayuko. Akiwapo, basi yuko nje chini ya mwembe. Nami nasema, ndugu msomaji, kwamba hiyo ni kasoro kubwa katika afya ya watoto wetu, na dawa haziwezi kuiziba.

Mwezi wa Septemba mwaka 1978, wajumbe wa serikali za ulimwengu walikutana Alma-Ata, mji ulio katika Kazakhstan ya leo, wakaafikiana juu ya misingi ya afya ya watu wote. Walitaja elimu ya afya, lishe, maji safi, uangalizi wa mama na mtoto, chanjo, na tiba ya maradhi ya kawaida. Yatazame vizuri mambo hayo. Mengi yake hayafanyiki hospitalini, bali jikoni, uani na kisimani. Basi katika uani huo, kauli ya mwisho ni ya nani? Muuguzi amemfundisha mama, lakini nauli i mfukoni mwa baba.

Chukua kuharisha. Mtoto aharishaye macho yakazama na utosi ukabonyea, hilo si jicho la watu. Ni maji yamemwishia mwilini. Apewe maji ya pakiti itolewayo zahanati, na ikikosekana, lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko 6 vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Chumvi isizidi, yadhuru. Anyweshwe kidogo kidogo, ziwa asikatizwe, na apewe vidonge vya zinki siku 10 hadi 14. Akina mama wengi wameyasikia haya kliniki. Lakini akilegea, au akishindwa kunywa, au akitoka damu, naye ni usiku wa manane, nani aamue apelekwe hospitali? Naijua nyumba moja ambayo mama alikaa na mtoto hivyo mpaka mumewe aliporudi bahari alfajiri, ndipo akapata ruhusa ya kutoka. Mtoto yule Mungu alimnusuru. Mvuvi yule hakuwa mtu mbaya. Hapakuwa na aliyewahi kumwambia chochote.

Wako watakaosema kwamba malezi ya mtoto mchanga dini imemwachia mama. La hasha! Suratul Baqara, aya ya 233, ambayo sote twaitaja kwa ile miaka miwili ya kunyonyesha, hapo hapo yamwekea baba wajibu wa chakula na mavazi ya mama huyo. Tena kumwachisha mtoto ziwa kabla ya muda kumefanywa ni jambo la kuridhiana na kushauriana wote wawili. Kushauriana! Atashauri nini mtu asiyejua mwanawe ana uzani gani?

Lakini nisiwalaumu wanaume peke yao. Katika zahanati moja, nisiyopenda kuitaja, niliwahi kuambiwa kwamba pale ni pahali pa akina mama, nikangoje nje. Na wale wahamasishaji wa afya ya jamii, ambao mwaka 1978 tungeliwaombea dua na ambao serikali iliwakabidhi mikoba ya kazi mwaka 2023, hupita nyumba kwa nyumba mchana. Mchana huo baba yuko kazini, au kahawani.

Basi na wamfuate huko huko kahawani, baada ya alasiri. Na maimamu wetu watusaidie. Ijumaa moja katika mwezi, baada ya swala, itajwe kwamba chanjo ya surua hudungwa mtoto akiwa na miezi 9, kisha tena akiwa na miezi 18. Hiyo ya pili ndiyo isahauliwayo sana, kwa kuwa mtoto keshaanza kukimbia na mama keshadhani amemaliza. Na buku la kliniki litoke chini ya godoro, litundikwe ukutani penye kalenda, ambapo baba hutazama kila siku mwezi umeandama lini.