Mzee akitembea polepole, tuangalie na kichwa chake

Ndugu wafanyakazi, hapa Kambove kila mtaa una mzee wa migodi anayekokota miguu. Katika mpango wa mwaka 2003 wa kuondoka kwa hiari, Gécamines iliachana na wafanyakazi zaidi ya 10,000, na wengi wao leo ni wazee. Tukiwaona tunasema: "Ni uzee tu. Baba, ukae, upumzike." Mtoto analeta maji, mjukuu analeta viatu, na mzee hasimami tena.

Mimi sikubali dawa hiyo ya kiti. Anayeongoza hatua si mguu, ni ubongo. Mwaka 1997 wataalamu wa Sweden walieleza kwamba mzee anayesimama kila anaposemeshwa njiani huanguka zaidi kuliko yule anayeongea huku akitembea. Na mwaka 2013 Daktari Joe Verghese wa New York na wenzake walionyesha kwamba mzee mwenye mwendo wa polepole, na tena analalamika kusahau, yuko katika hatari kubwa zaidi ya kupotewa na akili baadaye.

Pima nyumbani. Chora mistari miwili chini, kati yake metre 4. Mzee aanze nyuma kidogo, apite kwa mwendo wake wa kawaida. Akizidi sekunde 5, mpelekeni dispansari, wamwangalie pia macho, tansio, sukari na dawa anazokunywa.

Kisha mazoezi. Mjini Boston, Marekani, hospitali ya askari wa zamani ina mpango wa mazoezi kwa wazee wa namna hii. Sisemi mazoezi yatarudisha akili iliyokwisha kupotea. Lakini miguu na kichwa vifanye kazi pamoja: mzee ainuke kitini bila kushika, mara kumi, atembee huku akitaja miezi kinyumenyume, au wachezaji wa Englebert waliochukua kombe la Afrika 1967 (hapo hata mabubu wataongea!). Mtu awe karibu naye, asije akaanguka.

Wengine watasema mzee huyu hayumo tena katika kitabu cha mishahara. Ni kweli. Lakini ndiye anayebaki na watoto wenu mkiwa kazini, na siku atakapovunjika nyonga ni ninyi mtakaokosa kazi ili kumuuguza.

Basi tunaomba dispansari iwape wazee saa yao, mara mbili kwa juma. Kwa kuanza, kiti imara, ukuta wa kujishika na mtaalamu mmoja wa viungo vinatosha.