Toyota na kamba ya kusimamisha kazi

Tangu tarehe 22 Februari 2025, siku serikali yetu ilisimamisha kutoa kobalti inje ya inchi, habari ya motokari imeingia mu mazungumzo yetu kuliko zamani. Mbele ya pale tulikuwa tunahesabu tani za shaba na siku zinazobaki ili mushahara ufike. Sasa hata mama anayeuza mukate ku mulango wa kompanyi anauliza: hizi motokari za umeme zitaendelea kununua kobalti yetu, ao hapana? Swali lake ni la akili. Tangu Oktoba 2025 ule ufungaji umegeuka kipimo: kwa mwaka 2026 tani 96,600, na kwa 2027 vilevile, mu inchi inayotoa zaidi ya theluthi mbili ya kobalti ya dunia nzima. Sababu inajulikana. Mwaka wa 2022 tani moja ilipita dola 80,000. Mwanzo wa 2025 ilikuwa imeanguka mpaka karibu dola 22,000.

Sisi watu wa sendika tunaomba mutazame hii habari kwa upande mwingine. Kompanyi inayouza motokari nyingi kuliko zote duniani, zaidi ya milioni 10 kwa mwaka, haina haraka na kobalti yetu. Ni Toyota. Ile ile tunayopanda kila siku.

Mu Desemba 1997 Toyota ilianza kuuza Prius, motokari yenye nguvu mbili: mashini ya esansi na mota ya umeme pamoja. Batri yake ni ndogo, na kwa miaka mingi ilikuwa ya nikeli, kobalti ndani yake kidogo sana. Wakubwa wa Toyota wako na hesabu yao wanayoirudilia kila fasi: madini yanayomezwa na batri ya motokari moja ya umeme tupu, ile ya kwenda mbali, yanaweza kutosha kwa motokari 90 za nguvu mbili. Wapinzani wao wanajibu kwamba hiyo hesabu ni kisingizio cha kuchelewa, juu Toyota inapata faida nyingi mu zile za nguvu mbili. Tunaona pande zote mbili ziko na ukweli wao. Lakini kwetu jambo ni hili: hata pale Toyota ilitengeneza motokari ya umeme tupu kwa soko la China, ile bZ3, ilikamata batri za BYD za chuma na fosfati. Mule ndani hamuna kobalti hata gramu moja. Basi mukubwa akisimama mbele yetu na kusema dunia itakuja kutulilia juu ya kobalti, tumuulize kwa heshima: dunia gani?

Hatuwezi kuamuru Toyota iweke nini mu batri zake. Kuko kitu kingine cha hii nyumba tunachoweza kukamata kwa mikono yetu, na juu ya hicho njo tunaandika leo. Lakini tuanze na motokari zenyewe, juu bila kuelewa sababu watu wanazipenda, hautaelewa kilichobaki.

Angalia mu parkingi ya mugodi wowote, toka Kolwezi mpaka Fungurume. Land Cruiser nyeupe, sanduku wazi nyuma, fimbo ndefu yenye kabendera juu ili kamiyo kubwa za mugodi ziione na zisiikanyage. Hii ni ya mufululizo wa 70, ulioanza mwaka wa 1984, na mpaka leo kiwanda kinaitengeneza kwa sura ile ile. Mashini inayopendwa zaidi kwetu inaitwa 1HZ: dizeli, silinda sita, lita 4.2, bila turbo, bila kompyuta ya kuamuru mafuta. Fundi aliyejifunza chini ya muti wa mwembe anaweza kuifungua asubuhi na kuifunga magaribi. Vumbi la mugodi linaingia kila fasi, matope ya mwezi wa pili yanafika ku mulango, na bado inawaka. Watu wa jangwa nao wanaijua: mwaka wa 1987, mu vita ya Chad na Libya, wanajeshi wa Chad walipanda motokari za Toyota wakashinda vifaru, na mpaka leo ile vita inaitwa vita ya Toyota. Si sifa ya kufurahia, lakini inaonyesha ugumu wa kile chuma.

Mu muji ni ingine hadisi. Taksi za Lubumbashi, zile Vitz na IST, zinafika na usukani wa kuume hata kama sisi tunatembeza kuume, juu zilikwisha kutumika kule Japani. Mujapani analipa kontrole ya lazima: motokari mupya nyuma ya miaka mitatu, kisha kila miaka miwili, na bei yake si ndogo. Wengi wanaona heri kuuza. Ile motokari inapanda meli, inashuka Dar es Salaam, inapita Tunduma, inavuka Zambia, inaingia Kasumbalesa. Pale duane inaifanya ya bei kali tena, lakini tuiache duane kwa siku ingine. Mutu anainunua juu anajua piesi ziko hata kando ya barabara, na siku shida inaingia mu nyumba, anaweza kuiuza mbele ya jua kuzama. Kwa familia ya mutumikaji motokari ile ni benki.

Sasa ile nyumba ilitoka wapi? Haikuanza na motokari. Ilianza na nguo. Sakichi Toyoda, aliyezaliwa mwaka wa 1867, alikuwa mutoto wa seremala. Alitengeneza mashini za kufuma, na mwaka wa 1924 ilitoka ile iliyomupa jina: uzi ukikatika, mashini inasimama yenyewe. Mbele ya pale uzi ulikuwa unakatika, mashini inaendelea kupiga, na nguo mbaya inarundikana mpaka mutu aone. (Sisi watu wa sendika tunaona pia upande wa pili: mashini inayojisimamisha inamuwezesha mutu mumoja kulinda mashini nyingi, na wengine wanarudi kwao.) Mwaka wa 1929 waliuza haki ya ile mashini kwa Platt Brothers, kompanyi ya Uingereza. Mwana wake, Kiichiro, alikuwa na kichwa mu motokari tu. Alifungua sehemu ya motokari mwaka wa 1933, na mwaka wa 1937 Toyota ikasimama kama kompanyi. Jina liligeuka toka Toyoda juu Toyota inaandikwa kwa michoro minane mu maandiko yao, na nane kule ni namba ya bahati.

Bahati haikuzuia njaa. Nyuma ya vita kuu, mwaka wa 1949 na 1950, feza ilikauka mu Japani, kompanyi ilikuwa karibu kuanguka, na mabenki yalitia sharti mbele ya kukopesha: mupunguze watu. Wakubwa walikuwa wameahidi kwamba hakuna atakayefukuzwa. Ahadi ilivunjika, na watumikaji wakaingia mu mugomo toka Aprili mpaka Juni 1950. Mwisho wake ulikuwa muchungu: watu zaidi ya 1,600 walitoka ku kazi, kwa jina la kutoka kwa kupenda. Tunajua namna gani mutu anatoka "kwa kupenda" wakati karatasi iko mbele yake na watoto wako nyumbani. Lakini kuko jambo moja ambalo kwetu hatujaliona: Kiichiro mwenyewe, aliyeanzisha kompanyi, alitoka pamoja nao. Aliacha kiti cha mukubwa mu mwezi wa sita. Majuma machache nyuma yake vita ya Korea ikaanza, jeshi la Marekani likaomba kamiyo, na Toyota ikapona. Kiichiro hakurudi, alikufa mu Machi 1952. Na Land Cruiser yetu ilizaliwa pale pale: mwaka wa 1951 shofere wa majaribio alipanda na ile jeep ya kwanza mulima Fuji mpaka kituo cha sita, na mwaka wa 1954 ikapata jina tunalolijua.

Waliobaki mu kiwanda hawakusahau ule mugomo, na wakubwa vilevile. Mwaka wa 1962 sendika na wakubwa walitia mukono ku tamko moja la kuaminiana, na tangu pale hakujakuwa mugomo mukubwa. Mu miaka ile ile Taiichi Ohno, mutu wa kiwanda, alikamata wazo la mashini ya kufuma na kulitia mu mikono ya watu. Juu ya musitari wa kazi kulifungwa kamba. Mutumikaji akiona buloni haikukazwa vizuri, ao piesi haikuingia sawasawa, anavuta. Taa inawaka ku ubao, kapita wake anakuja mbio. Wakikosa kutengeneza mbele motokari ifike ku alama ya mwisho ya fasi yake, musitari unasimama. Mutumikaji hangojei ruhusa ya mutu. Kanuni yao inasema: anayeficha kosa njo anayeharibu kazi.

Tufikiri kidogo juu ya ile kamba. Ile 1HZ isiyokufa, ile Vitz ya miaka 20 inayobeba watu mpaka Kenya ya Lubumbashi, nguvu yao haikutoka mu chuma peke yake. Ilitoka mu mutu wa chini mwenye haki ya kusema "simama".

Sasa hatutaki kuwauzia ile kompanyi kama vile wanatulipa. Ile sendika ya Toyota iko karibu sana na wakubwa, na ukaribu ule uko na bei yake. Mu Februari 2002 mutumikaji wa miaka 30 alianguka akafa mu kiwanda kimoja cha Toyota, usiku wa kazi. Ofisi ya serikali ilikataa kusema kazi njo ilimuua. Mujane wake aliendelea na kesi mpaka Novemba 2007, tribinali ya Nagoya ikamupa haki: mu mwezi wake wa mwisho mume wake alikuwa na saa zaidi ya 106 za nyongeza. Mule ndani tribinali ilihesabu hata mikutano ya kutafuta namna ya kufanya kazi vizuri zaidi, ile kompanyi ilikuwa inaita ya kujitolea. Mwaka uliofuata Toyota ilikubali kulipa saa za ile mikutano. Wamama wa kambi, muone kazi ya mwanamuke mumoja.

Na mu Desemba 2023 tuliona kamba ikikosekana. Daihatsu, nyumba ya motokari ndogo ambayo ni mali ya Toyota muzima muzima, ilisimamisha kupeleka motokari zake zote. Majaribio ya usalama yalikuwa yamedanganywa, mengine tangu miaka ya 1980. Waliochunguza waliandika kwamba siku za kumaliza kazi zilikuwa zimekazwa mupaka watu wakashindwa kusema "bado". Kwa hiyo kamba ilikuwa mu kiwanda, lakini mu ofisi za majaribio hakukuwa kamba.

Tuko na haki ya kuuliza juu ya kwetu. Kompanyi za mugodi zinanunua Land Cruiser kwa makumi, lakini haziagizi ile kamba pamoja nayo. Mu kompanyi moja, hatutaitaja, shofere wa kamiyo alisema ku mwanzo wa zamu kwamba freni haikamati vizuri. Waliandika mu kitabu, wakamwambia amalize zamu kwanza. Alipokataa, waliandika jina lake mu kitabu kingine. Na yule alikuwa na mukataba wa kudumu. Mutumikaji wa siku, ao yule aliyeletwa na kompanyi ya katikati, hata mudomo hafungui, juu kesho badji yake haitafungua mulango.

Wengine watasema: Toyota ni tajiri, inaweza. Ni kweli, mu Machi 2024 ilikubali yote sendika iliomba, nyongeza mpaka yeni 28,440 kwa mwezi kwa wengine, na matabishi ya mishahara 7.6. Lakini kamba haikungojea utajiri. Iliingia wakati ile kompanyi ilikuwa inatoka mu shimo la madeni, na iliingia juu kosa lililofichwa lilikuwa linakula feza kuliko musitari uliosimama. Mugodi uko vilevile. Freni ya kamiyo inayotengenezwa asubuhi inakula saa mbili. Kamiyo inayopinduka ku mutelemuko inakula siku tatu, na mutu.

Mu mazungumzo ya mukataba wa pamoja yanayokuja, kobalti itatumika kama sababu ya kila kitu: kipimo cha serikali, bei, batri zisizo na kobalti. Watatuambia si wakati wa kuomba feza. Basi tuweke ku meza jambo lisiloomba feza, liandikwe kwa musitari wake peke yake: mutumikaji anayesimamisha kazi juu ya hatari haandikwi mu kitabu cha azabu, mushahara wa ile saa haukatwi, delege wa usalama anafika mbele kazi ianze tena. Na lihusu kila anayepita ku mulango wa mugodi, badji yake iwe ya rangi gani.